Jani la Kipupwe

Mwezi wa sita, kusi limeshaanza kupuliza Mbweni,
Dokta Kokushubila akanikabidhi soksi ya sufu
iliyotuna nchani kama mfuko wa mtoto aliyeiba mchele.
"Ambilikile, panda. Ni majani ya kule nilikosoma."

Nikauchanganya mchanga na samadi ya Boko,
nikasia, nikafunika kwa gunia,
nikanyunyiza maji ya bomba, si ya kisima:
ya kisima chetu ukiyaonja unakunja uso.

Siku ya tisa, kijani.

Luhende, muuza miche wa barabarani,
akachungulia getini. "Hiyo ndago, bwana."
Nikang'oa shina moja, nikalisokota vidoleni:
ndago ina kona tatu, hili duara.
"Basi ukoka."
Ukoka hutambaa, huvuka njia bila kutazama kulia wala kushoto.
Haya yamesimama pale pale yalipozaliwa, shada shada,
kama waombolezaji ambao bado hawajajuana.
"Pemba, je?"
Pemba ana jani butu, nene, la kukalia.
Akaenda zake akisema mimi mbishi.

Kumbe hata mimi nilikuwa sijayajua.

Mpaka siku ya kupalilia, jani likanikata
hapa, chini ya kidole gumba.
Nikalivuta kuelekea ncha: hariri.
Nikalirudisha kuelekea shina: msasa.
Nikaifunua ala pale inapolikumbatia shina:
kiulimi kifupi, kama kimepitiwa na wembe,
visikio viwili vyenye vinyweleo;
mgongoni linang'aa, usoni lina mifereji
kama shamba la matuta lililotazamwa kutoka mlimani.
Damu ikatoka, na kidole kikakumbuka kabla yangu:
Makete, kondoo wa baba, umande uliokakamaa alfajiri,
na mimi, miguu mitupu, nang'oa majani haya haya
au ndugu zao wa tumbo moja.
Kwetu tuliyaita majani tu.
Nani alikuwa na muda wa kuyabatiza?

Agosti yakawa zulia.
Dokta akavua viatu, akatembea juu yake robo saa,
simu yake ikiita mezani, hakuipokea.

Oktoba ncha zikageuka njano. Novemba, rangi ya chai.
Likizo ya Krismasi ikapita na maji ya mgao,
na Januari bustani ikawa mkeka uliosahauliwa juani.
"Yamekufa," akasema, akaingia ndani.

Nikachuchumaa. Nikapasua mashina kwa ukucha,
moja baada ya jingine, nikitafuta weupe.
Makavu. Makavu. Yalivunjika kama njiti za kiberiti.

Isipokuwa nyuma ya nyumba, kivulini mwa tanki,
kiyoyozi cha chumba chake kinapodondosha
tone,
kisha tone:
hapo kishungi kimoja, kijani, kibishi.
Nililibonyeza shina lake. Jeupe, baridi.

Sijamwambia mtu.
Luhende ameshaleta bei ya ukoka, kwa mita,
na Dokta amesema atafikiria.

Umeme ukikatika usiku, kiyoyozi kikinyamaza,
natoka kibandani na kopo la rangi
nililolitoboa tundu moja kwa msumari,
nalitundika kwenye bomba la tanki,
nasubiri mpaka nisikie tone la kwanza.

Kipupwe bado miezi mitano.