Pumzi ya Mtumba

Imekuja na basi la usiku kutoka Gerezani,
ndani ya boksi la biskuti, imeviringishwa magazeti:
konokono wa chuma, mzito kama mtoto wa miezi minne.
Laki tano na nusu. Malipo ya kwanza ya korosho,
sikuyalaza hata siku mbili.
Fundi wa Masasi alitaka laki mbili nyingine za mikono.
Nikamwambia mikono ninayo.

Hailaksi imelala uani tangu Ijumaa,
siku iliposhindwa mlima wa kurudi Newala
na magunia kumi tu mgongoni,
ikifuka moshi wa buluu
hadi bodaboda wakanipita wameziba pua.

Mfaume ameketi kizingitini, blanketi begani, na jua limeshawaka.
Miaka kumi na tisa alipulizia mikorosho salfa
bila kitambaa puani. "Vumbi tu hilo," alikuwa akisema.
Hawezi tena kuinama chini ya boneti.
Kusema anaweza.

"Chomoa betri kwanza."
Nimeshachomoa.
"Mwaga maji ya rejeta."
Kwetu maji hayamwagwi, huhamishwa. Ndoo iko chini.

Nati nne.
Mbili zimelegea bila ugomvi, ya tatu kwa kubembelezwa.
Ya nne imeolewa: kutu na chuma mwili mmoja.
Tangu jana usiku naimwagia mafuta ya taa,
naigonga kwa kigongo cha mama mkwe cha kubangulia korosho,
naivuta, spana inateleza, ngozi ya kidole inabaki kwenye bomba.
"Usitumie hasira," anasema. "Hasira hukata bolti."
Huyu ndiye aliyewahi kuvunja spana mbili kwa siku moja.
Sikumkumbusha.

Saa saba ikaachia,
kwa mlio wa mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Nikashika ncha ya shafti ya tabo kuukuu,
nikaitikisa kwa vidole viwili. Inacheza
kama jino la Somoe mwezi uliopita.
Nikampelekea Mfaume. Akaipakata muda mrefu,
kisha akapuliza ndani yake,
kidogo, kile alichokuwa nacho.
Mapanga hayakuzunguka.
Nikajifanya natafuta gasketi.

"Usifunge nyingine bado," akasema nyuma yangu.
"Tazama mrija wa oili."

Mrija wenyewe mwembamba, unene wa kalamu.
Nikapitisha waya wa breki ya baiskeli, ukagota.
Masizi magumu, meusi, ukoko wa sufuria ya msiba.
Kumbe tabo haikuchoka. Ilinyimwa.
Na mimi ningeifunga hii ya laki tano
juu ya koo lile lile lililoziba,
nikaizika kabla sijafika Kitangari.

Petroli, waya, petroli, waya. Mara sita.
Mara ya saba nikatazama juani
nikaona duara la mwanga, dogo kama punje ya ulezi.

Oili mpya. Na kabla ya kufunga mrija,
oili mdomoni mwa tabo, kijiko kwa kijiko,
nikizungusha mapanga kwa kidole ilainike ndani.
Haiwashwi na kiu.

Somoe akapewa ufunguo, miguu haifiki pedeli.
Waya wa dizeli nimeuchomoa: injini izunguke isiwake,
mpaka taa nyekundu ya oili izimike.
"Imezimika, mama!"
Nikarudisha waya.
Moshi wa buluu, kisha wa kijivu, kisha jirani akaacha kukunja uso.
Na mluzi, mwembamba, wa juu,
kama mtu anayepita mbali na hana deni.

Nikanyoosha mkono kuzima.
"Usiizime ghafla. Iache ipumue."

Nikaiacha. Dizeli ya bei ile, nikaiacha.
Mfaume amefumba macho,
kifua chake kinaufuata mluzi,
kinaachwa, kinaufuata.
Sikuhesabu dakika.

Kesho nirudishe kigongo cha watu.
Kimepasuka kidogo, sijui nitasemaje.