Sehemu ya Tisini na Moja

Kodi ya mwezi wa nne sikulipa kwa franka.
Nililipa kwa mdomo,
kila jioni umeme ulipokubali kupanda Kadutu,
nikiwa kwenye kigoda, kuumeni kwa M'Bisimwa,
mwenye nyumba, mwenye televisheni, asiyesoma,
nikimgeuzia Kifaransa kinachokimbia chini ya kioo
kiwe Kiswahili cha kutafuna polepole.

Wenyewe mle ndani wanasema Kihispania.
Wanalia kwa Kihispania, wanachomana visu,
wanabatiza watoto, wanahesabu dola mezani.
Mimi nasoma, nasema, nameza mate, nasoma.
Yeye anachambua sambaza, kichwa huku, utumbo kule,
wala hatazami vidole.

Usiku huu Doña Remedios yuko jikoni kwake.
Polisi wamezima taa za magari barabarani.
Evaristo, mwanawe mkubwa, kashika bastola chini ya meza,
shemeji mtu kashika kikombe,
na sote tunajua nani kamuuza nani.
"Anasema nini?"
Anasema kahawa imepoa.
"Huyo si mtu wa kusema kahawa. Tazama shingo yake."

Nina deni jingine, hili halina risiti.
Sehemu ya hamsini na mbili walimpiga Ulises,
kitinda mimba wa Remedios,
nyuma ya kiwanda cha barafu, risasi moja.
M'Bisimwa aliacha kisu hewani.
"Amekufa?"
Na mimi, nikiiona ukutani picha ya Zihindula
aliyeshuka shimoni Kamituga mwaka ule wa mvua,
shimo likafumba kinywa,
mwili haukuletwa, matanga hayakukaliwa
kwa kuwa mama yake alikataa kukaa,
nikasema: Hapana. Ameumia tu. Wamemficha kwa watawa.

Basi tangu hapo nikawa na hadithi mbili kinywani.
Walipovaa nyeusi, nikasema ni sikukuu ya kwao.
Remedios alipopiga magoti mbele ya jiwe lenye jina,
nikasema anaomba mvua.
Nikampa Ulises barua, nikampa homa, nikampa nafuu,
nikamtembeza kwa fimbo ukumbini mwa watawa.
Sehemu ya themanini alimaliza supu yote.

Leo hakuna pa kupita.
Remedios anatandaza kitu kati ya bastola na kikombe:
shati la Ulises. Tundu lake. Damu rangi ya kutu.
Kamera haina haraka, inalisogelea tundu
kama inataka kupenya itokee upande wa pili.
Maandishi yamesimama chini, meupe, mafupi:
*Mlimuua mwanangu. Ni nani kati yenu?*
Nje, jenereta ya jirani inakohoa.
Kidole cha Evaristo. Kikombe. Kidole.
"Anasema nini, Nsimire?"

Anasema... shati hili linahitaji kushonwa.

M'Bisimwa aliweka kisu chini.
Akafuta kwenye kitenge mkono mmoja, kisha mwingine.
"Mwerto," akasema,
kama mtu anayetaja kijiji alikozaliwa.
"Neno hilo wanalisema tangu mwezi wa pili.
Unadhani masikio yangu nayo hayakwenda shule?
Lakini ulikuwa unasema vizuri. Nikaacha useme.
Nilitaka kuona utamfikisha wapi."

Kwenye kioo mlango ulivunjika, mtu akafyatua.
Hatukuangalia aliyeanguka.
"Ile supu," akauliza, "ilikuwa ya nini?"
Ya samaki.
"Na chumvi?"
Kidogo.
"Zihi hapendi chumvi nyingi."

Ukaja wimbo wa mwisho, majina yakapanda, yakapanda,
majina ya watu ambao hakuna anayewasubiri hapa.
Sambaza walikuwa bado nusu beseni.
Akaniambia nirudishe nyuma, mpaka kwenye shati.
"Sasa soma," akasema. "Soma kilichoandikwa."

Nikarudisha. Kidole, kikombe, tundu.
Nikasoma.