Fundo la Ngano

Kasoki alinipa ukuta wa mita nne,
nusu ya malipo, na picha iliyong'olewa kalendani:
wanawake wa Urusi wakivuna,
migongo imekunjwa kama visu vya mfukoni,
vitambaa vyekundu, na anga,
anga tu, hadi ukingo wa karatasi.
"Nataka hii," akasema, "juu ya dirisha la mikate.
Watu wajue unga si vumbi la gari."

Mimi ni mchoraji wa vibao. Nimechora
saluni, vocha, dawa ya minyoo,
simba wa kanisa aliyefanana na mbwa wa jirani.
Ngano nilizozijua ni za bibi, za sungura na fisi.
Ngano ya shambani sikuwahi kushika suke lake.

Siku ya kwanza ukuta ulinikataa.
Sikupata pa kuegemeza jicho. Hapa Goma
kila unachotazama kina mgongo nyuma yake,
na usiku mlima unawasha kibatari
tusidhani umesinzia.
Ardhi ya kwenye picha imelala chali, haina goti.
Nikachora mstari, nikaufuta, nikaurudia.
Tsongo, kijana wa kukanda unga, akacheka:
"Fundi, umechora ziwa la manjano."

Siku ya pili nikawapa wale wanawake mtama,
kwa kuwa mtama naujua,
na miganda nikaifunga kama kuni za Birere:
kamba mara mbili, fundo juu.

Kasoki akatoka na mikono yake ya unga.
Akatazama mpaka foleni ikanung'unika.
"Nani alikudanganya kwamba suke linaning'inia hivyo?"
Nikasema, Mama, hii ni ngano ya Wazungu,
wewe umeiona wapi?
"Lubero. Kwa mama yangu. Kule juu
ambako asubuhi unatoa moshi mdomoni bila sigara.
Nimevuna na mdogo wangu mgongoni.
Na hiyo kamba itoe. Hakuna kamba."

Akainama palepale kando ya barabara,
juu ya mawe meusi yaliyoshuka mwaka ule tukikimbia,
akakumbatia hewa, akaikusanya kifuani,
akasokota mabua ambayo sikuyaona,
akapitisha ncha chini ya ncha, akabana kwa goti.
"Inajifunga yenyewe. Bua kwa bua."
Pikipiki ikapiga honi. Hakuinuka.
Alipoinuka alishika kiuno
kama yule wa tatu kutoka kushoto,
niliyemdhania amechoka,
kumbe anaangalia wingu.

"Sasa hakuna anayepanda," akasema.
"Wenye bunduki walilala ghalani msimu mzima."
Akarudi ndani. Mkate ulikuwa unaungua.

Chini ya picha kuna maandishi,
herufi moja ni R iliyogeuka kutazama nyuma.
Jioni niliingia stoo, nikageuza magunia
moja baada ya jingine, nikiitafuta.
Kulikuwa na Kiarabu, na namba ya simu ya Mombasa,
na panya aliyenitazama kama mwenye duka.
Sikuipata. Sijui kwa nini nilitaka kuipata.

Anga ilikula kopo mbili za buluu.
Siku ya tano, ngazi imeshafungwa, Kasoki akaja:
"Weka kilima. Kidogo tu, pale kona."
Nikaweka. Nani atatoka Urusi kunishtaki?
Juu yake nikaweka moshi mwembamba,
wa jiko au wa kitu kingine, kila mtu aone chake.

Asubuhi, mtoto mwenye kandambili zisizolingana
alinyoosha noti ya mia tano iliyochanika katikati,
macho juu ukutani.
"Yule mama amepoteza nini chini?"
Kasoki akamkunjia mkate ndani ya gazeti,
akailaza noti mezani,
akailainisha kwa kiganja, taratibu,
akiunganisha upande na upande,
aone kama namba bado inasomeka.