Mistari Mitatu

Fomu ya mradi ina kisanduku kimoja,
juu yake pameandikwa MAONI YA WAKAZI,
ndani yake mistari mitatu.
Katibu wa kitongoji ni mimi. Kalamu ninayo.

Mhandisi alikuja asubuhi na buti mpya,
akakunjua ramani juu ya mtumbwi uliopinduliwa.
Bandari ya Itungi imejaa, alisema,
mto umeshusha mchanga mwaka hadi mwaka,
meli inakaa mbali na gati kama mkwe aliyenuniwa.
Watauvuta kwa bomba, watautandaza hapa Matema
ambapo ziwa limeula ufukwe mpaka uzio wa kanisa.
"Mchanga juu ya mchanga," alisema. "Kuna ubaya gani?"
Akacheka kidogo.
Nasi tukacheka, kwa adabu.

Anyosisye wa Ikombe alikuwa amekuja kuuza vyungu.
Aliomba auone huo mchanga.
Ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, umefungwa fundo.
Akausugua kwa kidole gumba, akaweka punje ulimini,
akageuka pembeni, akatema.
"Una mkaa huu. Na una ladha ya panga lililolala mvuani.
Udongo haufanani eti kwa kuwa wote unaitwa udongo.
Mimi nikikosea tope, moto unanirudishia vigae."

Nsajigwa akauliza, maji yakichafuka wiki nzima
usipa watakwenda wapi,
maana samaki hasomi kibao cha mradi.

Bupe yuko darasa la sita.
Hakuna aliyemruhusu kusema, akasema:
"Chini pale kuna mabakuli.
Dume anayachimba kwa mdomo,
anabeba mchanga, anatema, anarudi,
halafu anakaa katikati anamngoja jike.
Nimepiga mbizi nikayahesabu, mia moja na kumi na manne,
nikaishiwa pumzi.
Yatafunikwa?"

Mhandisi akaitazama ramani.
Palikuwa na kina, palikuwa na mishale myekundu,
palikuwa na jina la ziwa kwa herufi kubwa.
Mabakuli hayakuwemo.

Ndipo akasimama Ambokile, ndugu yangu, tumbo moja.
"Mimi kuli," alisema. "Misimu miwili
gati halijaniwekea gunia begani.
Kakao inaota ukungu ghalani.
Mnahesabu mabakuli ya samaki.
Sufuria zangu nani amezihesabu?"

Hakuna aliyecheka. Hata kwa adabu.
Bupe alikuwa anachora duara kwa kidole cha mguu.

Sasa ni usiku, taa ya sola imeanza kufifia.
Mstari wa kwanza: Wakazi wanaomba mchanga upimwe.
Nikakata *wanaomba*, nikaandika *wanataka*,
nikaona wino umekuwa mzito kuliko cheo changu,
nikauacha hivyo hivyo.

Mstari wa pili: Bandari ichimbwe, mchanga upelekwe pengine.
Hapo kalamu ikagoma.
Pengine ni wapi?
Pengine napo pana kanisa, pana mtoto anayepiga mbizi,
pana katibu mwenye fomu.
Nikaandika pembezoni, herufi za sisimizi:
tusiwape wenzetu tulichokitema.

Ambokile alipita kunifuata kiberiti.
Akasoma akiwa amesimama, midomo ikicheza.
Hakusema neno. Akachukua kalamu, akatia sahihi
pale penye jina langu,
ikabidi nibanane chini yake.

Mstari wa tatu sikuuandika.
Nilitoka na tochi hadi majini,
nikachota mchanga wetu kwa vidole viwili,
nikaufungia ndani ya fomu, nikakunja mara nne.
Utamwagika juu ya meza ya mtu huko Mbeya,
karibu na kikombe cha chai, juu ya mafaili.
Labda ataupangusa kwa kiganja.
Labda atakuwa mtu wa kuonja.