Daftari la Themanini na Nne

Trekta la miwa hupita saa nne kasoro robo,
na saa nne kasoro robo darasa langu hupungua.
Sipigi kelele. Nimejizoeza kuhesabu migongo
inayotokea dirishani pasipo na kioo:
Lutomia, Shitanda, yule mdogo wa kwa Khasakhala,
mbio nyuma ya trela kuchomoa miwa,
kwa sababu miwa ni chakula cha mchana
na robo tatu, hata uiandike vizuri namna gani ubaoni,
hailiwi.

Hurudi videvu vinang'aa, vidole vinanata,
madaftari yananata,
nzi wanajifunza kugawanya pamoja nasi.
Nami nauliza jibu la swali la saba
kana kwamba sikuona kitu.

Themanini na watatu. Madawati ishirini na sita.
Nimekwisha kuigawa hiyo, siku ya kwanza ya muhula:
watatu kila dawati, na baki watano.
Baki yangu ina majina.
Nasambu hukalia debe la mafuta.
Pacha wa Lusweti wamejitafutia matofali.
Wawili husimama nyuma kwa zamu,
wakiandikia migongoni mwa wenzao.

Mkaguzi alikuja kutoka Kakamega,
akauliza kona ya vitabu iko wapi.
Nikamwonyesha kona.
Kuku wa mlinzi alikuwa ametaga humo.
Akaandika kitu kirefu, akatia sahihi, akaomba maji ya kunywa.

Wanasema ualimu ni wito.
Sawa. Lakini mwenye duka pale Malava
huniita "mwalimu" kwa heshima zote
huku akifungua daftari lake yeye, la madeni,
na hati yangu ya mshahara hunifikia
ushirika umekwisha kupita na jembe.

Kuna siku, lakini.
Aprili, mvua ilipiga mabati hata nikajifunga mdomo,
nikawa naandika tu, wao wananisoma mkono.
Nasambu akanyoosha kidole, akasimama, akasema neno
ambalo sikulisikia, wala mwingine yeyote.
Nilijua ni sahihi
kwa jinsi alivyoketi tena juu ya debe lake,
taratibu, akiweka sketi sawa,
kama chifu.

Kwa siku hiyo moja nimefundisha miezi mitatu.

Usiku nayamwaga madaftari kitandani.
Taa ya sola hunipa saa mbili, ikipenda.
Vyema. Vyema. Rudia. Onyesha njia.
Uko wapi ukurasa wa nne? (Umewashia moto, najua.)
Vyema. Jitahidi.
Macho yakichoka, kalamu nyekundu hujiendea yenyewe
kama punda ajuaye njia ya kisimani.

Jana nilimaliza la themanini na tatu,
mkono ukateremka kuzima taa, ukakuta lingine.
Limevikwa gazeti, pembe zimekunjwa
vile ninavyofundisha.
Nikalisoma mbio, ninavyosoma yote:

*Mama yangu anapenda watoto.*
*Anawapenda usiku.*
*Mimi niko gredi ya pili na najua kusoma*
*lakini ajaniskiza.*

Kalamu ilikuwa imekwisha kulizungushia neno la mwisho.
Juu yake, kwa mwandiko wangu mzuri: hajanisikiliza.
Pembeni: nane kwa kumi.
Ndipo nikautambua mwandiko.

Alikuwa amelala ukingoni mwa kitanda,
nyayo zake zimeegemea Gredi ya Tano nzima.
Nyekundu haifutiki. Nilijaribu kwa mate,
karatasi ikaanza kutoboka.

Nikamwamsha. Inakaribia saa sita.
Ayuma, nisomee.
Akaketi, blanketi kichwani, jicho moja limefumba,
akasoma sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kidole kikitambaa chini ya maneno,
na alipofika penye duara
akasita, akalitazama,
akalisoma nilivyolisahihisha mimi,
silabi kwa silabi, bila kosa hata moja:

ha-ja-ni-si-ki-li-za.