Kila Kituo

Nina miche sita ya stroberi
ndani ya kreti la mbao lililowahi kubeba samaki wa chumvi,
roshani ya ghorofa ya nane, Gdańsk,
ambako upepo huamka kabla ya jua
na hulala baada yake.

Majani: mazuri, niseme kweli, ya kujivunia.
Maua: meupe, tele, kama leso zilizoanikwa.
Matunda: aibu.

La kwanza lilijikunja kama ngumi ya mtoto aliyeficha peremende.
La pili lilikuwa na mabega, halina shingo.
La tatu lilikomaa upande mmja tu, nchani likabaki gumu na kijani,
mbegu zimesongamana pale
kama abiria wa mlangoni wasiotaka kusogea ndani.
Hao nawajua. Tramu nimeiendesha miaka ishirini na tisa.

Basi nikaanza kutafuta mchawi.
Nikalaumu udongo: nikabeba mfuko mpya begani
ngazi zote, maana lifti ni mbovu tangu Pasaka.
Nikalaumu maji ya bomba, nikakinga ya mvua.
Nikaongeza mbolea,
majani yakanenepa kama makarani wa manispaa,
matunda yakabaki kombo vilevile.
Nikamlaumu Gniewko wa sokoni, aliyeniapia miche ni ya mbegu bora.
Nikamlaumu hata njiwa,
ambaye siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuwa na kosa.

Bi Wacława wa ghorofa ya pili akapanda kuja kuona.
Zamani alikuwa mkaguzi wa mayai.
Aliinua tunda kwenye mwanga, akafumba jicho moja,
kisha akaomba kisu cha viazi.

"Kuna maua yaliyokuwa na moyo mweusi?"
Mawili, nikakiri. Katikati ya Mei,
usiku wa Zofia wa Baridi,
ambao hata watoto wa hapa wanajua si wa kuacha kitu nje.
Mimi nilisinzia mbele ya televisheni.
"Hayo yameuawa na jalidi. Yafute kwenye hesabu."

Halafu akapasua lile lenye mabega.
"Tazama mbegu. Kila mbegu ni mlango.
Nyuki akibisha, nyama ya hapo huvimba.
Pasipobishwa hujikunyata."
Akachungulia chini, bustani ya kanisa ikinguruma kwa mbali.
"Nyuki gani atapanda mpaka huku, Leokadia?
Mimi mwenyewe nimepumzika mara tatu."

Nikanyamaza.
Nilikumbuka mwaka walipofuta kituo cha kiwanda cha kamba:
nikaamriwa nipite bila kusimama.
Duka la mkate lilifungwa kabla ya Krismasi,
kinyozi akafuata,
na mtaa mzima, nikiutazama dirishani kila siku,
ukajikunja.

Kwenye droo kulikuwa na brashi ya Jagna, mjukuu wangu,
aliyoisahau walipohamia Bergen.
Niliiosha mara tatu; buluu haikutoka yote.

Sasa kila asubuhi, saa nne, umande ukishakauka,
nazungusha brashi kwenye moyo wa ua,
polepole, duara zima,
kisha ua linalofuata, kisha narudi kwa lile la kwanza.
Vituo natangaza kwa sauti. Jirani wa kulia amefunga dirisha.
Petali zimepata buluu kidogo.
Juzi nilimkuta mdudu wa kahawia akifyonza chipukizi,
nikampungia mkono na kumtupa nje.
Hana tiketi.

Si yote yaliyonyooka. Moja lina pua.
Lakini leo nimechuma moja la mviringo, jekundu mpaka nchani,
nikalikata katikati.
Nusu nimekula nimesimama.
Nusu nimeiweka kwenye kisahani
nikashuka nayo mpaka ghorofa ya pili,
nikisimama kila ghorofa,
kwa mazoea.