Maji ya Kufulia

Mimi ndiye muuza dawa wa Mkunya.
Rafu ya juu salfa, ya kati chupa zenye fuvu,
chini mabomba ya mgongoni, ya bluu, lita kumi na sita.
Wanaokopa wamo daftarini,
na malipo ya korosho yakichelewa
daftari ndilo linalonitazama mimi.

Jumanne akaingia mama yangu, Somoe Litinji.
"Niazime bomba," akasema.
"Dawa sitaki. Bomba."

Kunde zake nilikuwa nimeziona:
ncha zimejikunja kama ngumi ya mtoto aliyelala,
vidukari weusi wamesongamana kwenye vikonyo vya maua,
sisimizi wanapanda na kushuka kuwakamua,
wafugaji wasiolipa ushuru.

Nikamsogezea chupa. Bure, nikasema.
Akalitazama fuvu kwa muda.
"Na huyu, alikuwa mkulima?"

Nikamfuata, bomba mgongoni.
Nyuma ya choo mtupa wake umekwanyuliwa nusu,
majani yametwangwa kwenye kinu kilichopasuka,
kile kisichoonja tena kisamvu.
Wajukuu wamekatazwa kusogea, kuku wamefungiwa.
Majani haya babu yake aliyatia Ruvuma
samaki wakaelea matumbo juu.
"Sumu ni sumu," akasema, "hata ukiipanda mwenyewe."

Lakini maji?
Huku juu ndoo ina bei, na foleni huanza kabla ya adhana.
Nani awanyweshe wadudu maji ya kununua?

Akalivuta karai kutoka uvunguni.
Humo zilifuliwa sare za shule, kisha shuka, kisha matambara;
povu limechoka, halijafa,
na ndani yake majani yamelala tangu jana.
"Sabuni hulishika jani," akasema.
"Bila sabuni dawa huteleza, kama wageni wa semina."

Akachuja kwa shati langu la darasa la saba.
Mfukoni bado lina doa la wino.

Tukapuliza jua likiwa limelegea,
yeye akininyooshea kidole: chini ya jani, chini, chini!

Asubuhi nikaenda kuhesabu maiti.
Hakuna hata mmoja.
Nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe,
furaha ya mwenye duka.

Siku ya nne nikapita tena.
Walikuwa palepale, wamekauka,
nikipuliza kwa mdomo wanapeperuka kama jivu la sigara.
Si wote. Mstari wa mwisho, bomba lilipokauka,
sisimizi bado wako kazini.
Na usiku ule ikanyesha,
ikaosha kila kitu.

Mama hakulalamika. Alikuwa anafua.

Jumamosi wamekuja wanawake watatu dukani.
Rafu ya kati hawakuigusa.
Nimefungua ukurasa mpya:
*Somoe Litinji, bomba moja, halijarudi.*
Chini yake nimeyaandika majina yao,
na safu ya bei
nimeiacha wazi.